Nafasi Ndiyo Kazi: Kukagua Springi na Stabilaiza Kando ya Ekzosi ya Kuchomelea

Subaru Impreza iliyofungwa ekzosi ya inchi tatu, springi fupi na stabilaiza nene ya nyuma hupendeza ikiwa imeegeshwa, lakini hapo bado haijathibitisha lolote. Ekzosi ilichomelewa kufuata uvungu wa gari kama ulivyokuwa zamani. Sasa springi zimeshusha gari, stabilaiza imenenepa, na vyote vinagombea uwazi uleule mdogo kando ya difu. Ustadi wa fundi uko katika uwazi aliouacha, nao hupimwa vyuma vikitembea.

Gurudumu lipite safari yake yote

Usiridhike na tochi chini ya gari lililo juu ya jeki. Hapo magurudumu yananing'inia, hali ambayo barabarani hudumu kitambo kidogo tu. Fundi makini hutoa springi, hurudisha shokapu tupu, kisha hulipandisha gurudumu kwa jeki taratibu mpaka mwisho wa safari yake. Hupandisha upande mmoja, kisha mwingine, kisha yote mawili pamoja, kwa sababu stabilaiza hukaa tofauti katika kila hali. Akibandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya bomba, alama itakayobaki itamwonyesha unene halisi wa nafasi.

Hesabu ya joto

Bomba la chuma kisichoshika kutu lenye urefu wa mita 3, likipata joto la nyuzi 300 zaidi, hurefuka kwa takriban milimita 15. Bomba la chuma cha kawaida hurefuka kidogo zaidi ya milimita 10. Ongeza injini inayoyumba kwenye mauntingi na raba zinazobeba ekzosi, na pengo la milimita 10 lililopimwa bomba likiwa baridi huenda lisiwepo tena safarini. Kati ya bomba na chuma kinachotembea, mimi hudai milimita 20 zilizobaki gurudumu likiwa limebanwa kabisa. Raba, mpira wa breki na nyaya huhitaji nafasi zaidi, pamoja na bati la kukinga joto. Chunguza hasa buti za shafti: ikipasuka moja karibu na bomba la moto, grisi huangukia hapo na kuungua.

Dalili za mkono mzuri

Kona za bomba ziwe na kipenyo kilekile mwanzo hadi mwisho, bila mikunjo. Ukipata nafasi ya kuchungulia ndani ya bomba lisiloshika kutu, nyuma ya weldi pawe laini. Magamba meusi yenye chembechembe yanaonyesha kuwa halikujazwa gesi ya argoni wakati wa kuchomelea. Flenji ziwekwe pahali ambapo stabilaiza inaweza kutolewa kwa spana, bila kukata bomba. Bolti za bushi za raba zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, bushi hubaki zimejipinda kila siku na huchakaa mapema.

Dalili za kukataa

Kataa bomba lililobonyezwa kwa nyundo ili stabilaiza ipite, bano la stabilaiza lililosagwa, waya ulioshika nafasi ya raba, na springi iliyokatwa. Kitambaa cha joto kilichozungushiwa mahali vyuma vinapogusana kinaficha kosa tu.

Vyuma vinapogombea njia, bomba ndilo lihame. Mikono ya sasipensheni na stabilaiza ina vipimo vinavyoamua jinsi gari linavyokata kona na kusimama. Bomba linaweza kukatwa na kuchomelewa upya bila kuharibu vipimo hivyo. Fundi anayekuambia hivyo kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, na kukutajia gharama yake, mpe kazi. Baada ya wiki moja barabarani, rudini pamoja chini ya gari mtafute sehemu yoyote iliyong'aa kwa kusuguliwa. Ikiwapo, kazi haijaisha.