Nimeiona Spectre: Gari la Usiku wa Suti na Gauni Refu

Niseme mapema nisimpotezee mtu muda: mwenye dola zaidi ya 400,000 kwetu Likasi, Kongo, anayetafuta gari la kifahari lenye mbio la kumfikisha kwenye usiku wa suti nyeusi na gauni la kuburuta, achukue Rolls-Royce Spectre. Nimeiona! Nimeizunguka, nimeipapasa, nimeketi kwenye siti zake zote nne, nimefungua na kufunga milango yake mpaka nikaujua mwendo wake, na hadi ninapoandika haya moyo haujatulia.

Nilikutana nayo Dubai, huko ambako wafanyabiashara wa Katanga hufuata kila kitu, kuanzia vitenge hadi vipuri vya malori. Ilizinduliwa Oktoba 2022 na wateja wa kwanza wakaanza kukabidhiwa magari yao mwishoni mwa 2023, kwa hiyo duniani si ngeni. Ngeni ilikuwa kwangu mimi, mtoto wa Shituru niliyekulia karibu na kiwanda cha shaba, na nawaambia picha zinaipunja mno. Ina urefu wa mita 5.45 na milango miwili tu. Paa linateremka kutoka kioo cha mbele hadi mkiani bila kukatika popote. Grili yake ni pana kuliko zote zilizowahi kuwekwa kwenye Rolls-Royce, na taa ndogo 22 zinaimulika kwa ndani. Juu yake yupo yule mwanamke mwenye mabawa, Spirit of Ecstasy, anayepamba magari haya tangu 1911. Safari hii wamemwinamisha zaidi ili aukate upepo, na kazi hiyo peke yake, kumchora upya na kumpima kwenye upepo, iliwachukua saa 830. Saa 830 kwa pambo la boneti! Watu wanaojali kiasi hicho ndio ninaotaka wanitengenezee gari la kwenda nalo harusini.

Maana tuelewane kwanza kuhusu usiku wenyewe. Kwetu harusi ikishatoka kanisani, msafara unazunguka mji kwa honi, jua linazama, kisha watu wanakusanyika mbele ya ukumbi wakiwasubiri maharusi. Simu zimeinuliwa. Mama wakubwa wameshika vitambaa vyao tayari kupepea. Gari linasimama, na kuanzia hapo hakuna anayeangalia rimu wala kuuliza injini ni ya lita ngapi: kila jicho liko mlangoni. Hapo ndipo gari la jioni linapohukumiwa. Barabarani linaweza kuwa bingwa, lakini likimtoa bibi-arusi kwa kumkunja, magoti juu na shela imenasa kwenye mkanda, limefeli mtihani pekee liliopewa.

Magari mengi mazuri yamefeli hapo. Mercedes-Benz 300 SL ya 1954, ile ya milango inayofunguka kuelekea juu, wapo wanaoiita gari zuri kuliko yote ya karne iliyopita, nami siwapingi. Zilitengenezwa 1,400 tu za umbo hilo. Lakini kizingiti chake kilikuwa kirefu na kipana kiasi kwamba usukani ulitengenezwa uweze kuinamishwa ili dereva apate kupitisha miguu. Hebu mweke humo shangazi aliyevaa kitenge kilichobana! Ferrari Roma, iliyozinduliwa Novemba 2019 katika jiji lililoipa jina, ina nguvu za farasi 620 na bodi ambayo ningeitazama mchana kutwa, ila unaikalia karibu na ardhi, na kutoka ni kujivuta. Aston Martin DB12 ya 2023 ina farasi 680, na ngurumo yake inanitoa machozi, nayo ina shida ileile ya kimo. Hayo ni magari ya alfajiri, barabara tupu na glavu za ngozi. Jioni ni jambo lingine.

Sasa tazama mlango wa Spectre. Una urefu wa karibu mita 1.5, na bawaba zake ziko nyuma, si mbele. Unafunguka kinyume na ulivyozoea. Ukishafunguka, hakuna chochote mbele ya magoti yako: unageuka, unaweka miguu yote miwili chini kwa pamoja, unasimama na kutembea kuelekea mbele, kuelekea kwa watu, huku mlango uko nyuma yako ukikuwekea ukuta. Gauni linashuka lenyewe. Mkono uko huru kupokea maua au mkono wa baba. Nilirudia kutoka na kuingia, kila mara nikijaribu kukosea, na sikufaulu. Dereva akiwa ndani anakanyaga breki na mlango wake unajifunga; hakuna kuinama kuuvuta, hakuna koti la suti kupanda mabegani.

Na ndani ya ubao wa mlango huo kuna nyota! Taa ndogondogo 4,796 zimetiwa kwenye milango, zinawaka kwa mwanga laini, nyingine hafifu na nyingine kali kidogo, bila mpangilio unaoweza kuukariri. Niliinamisha uso hadi karibu na ngozi nikitafuta alama za kazi ya mashine, safu zilizonyooka au nafasi zinazojirudia. Sikuziona. Mbele ya abiria, kwenye dashibodi, jina la gari limezungukwa na nyota nyingine zaidi ya 5,500. Gari likizimwa hazionekani kabisa. Gari hili limetengenezwa likiusubiri usiku.

Halafu kuna ukimya. Spectre ni Rolls-Royce ya kwanza inayotumia umeme mtupu, na mmoja wa waanzilishi, Charles Rolls, aliliona jambo hili mapema: mwaka 1900 aliyasifu magari ya umeme kwa kukosa kelele na harufu, akasema yatafaa sana siku vituo vya kuchaji vitakapopatikana. Jioni ya heshima haitaki injini ishindane na muziki. Msafara mzima upige honi utakavyo, lakini gari la maharusi likiingia uwanjani kimyakimya, kitakachosikika ni vigelegele na bendi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Ukimya usimdanganye mtu kuhusu mbio. Mota mbili zinatoa kilowati 430, karibu farasi 584, na msukumo wa nyutoni-mita 900, zikibeba uzito wa kilo 2,890 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 4.5. Karibu tani tatu! Sekunde nne na nusu! Kuna watakaoguna kwamba gari la uzito huo si la michezo. Mimi nasema kasi inayokuja bila gia kubadilika na bila shingo kurushwa nyuma ndiyo pekee inayofaa pale nyuma ya usukani anapoketi mtu aliyefunga tai, na pembeni yake mtu aliyekaa saluni tangu asubuhi.

Lakini kilichonishika zaidi kiko mahali ambapo hakuna mgeni wa harusi atakayepaona, yaani ndani ya mota. Magari mengi ya umeme huweka sumaku za madini adimu kwenye sehemu ile inayozunguka. Spectre haina sumaku hizo. Usumaku wake unatengenezwa na umeme unaopita kwenye nyaya zilizosukwa kuzunguka chuma, na nyaya za kazi hiyo ni za shaba. Kwa kawaida gari la umeme hubeba takriban kilo 80 za shaba, wakati la petroli hubeba kama 23. Mtu wa Shituru akisikia hivyo hawezi kukaa kimya. Komuni yetu hii, moja kati ya nne za Likasi, imeishi kwa shaba tangu kampuni ya madini ya Union Minière ilipoanza kuisafisha hapa kwa umeme mwaka 1929. Shaba inayeyushwa kwenye asidi, mkondo wa umeme unapitishwa, na kidogokidogo, siku baada ya siku, chuma chekundu kinajikusanya juu ya mabamba hadi yanakuwa mazito na safi kwa asilimia 99.99. Umeme wenyewe ulitoka kwenye maporomoko ya Mwadingusha, mto Lufira. Maji, mkondo, shaba: baba zetu walivijua vitu hivyo zamani, kabla tajiri yeyote wa leo wa Ulaya hajafikiria kuvaa suti na kupanda gari lisilo na moshi.

Ndiyo maana jambo moja linaniuma, na naliandika kwa sababu nalipenda gari hili. Betri yake ni ya kilowati-saa 102, na kampuni imeeleza kwamba kobalti na lithiamu yake hutoka Australia, Moroko na Ajentina. Kongo inachimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, nayo imeachwa pembeni. Naelewa sababu: watoto mashimoni, wachimbaji wanaofukiwa na udongo, magunia yasiyojulikana yalikotoka. Sababu hizo ni za kweli, na hakuna anayezijua kuliko sisi tunaoishi nazo. Lakini kiwanda cha Shituru kimetoa kobalti kwa miongo mingi, na wafanyakazi wake ni watu wa mishahara, wenye kofia ngumu na zamu. Kupaacha mahali pote ni kumwadhibu na yule anayefanya kazi yake sawasawa. Nataka siku moja kampuni ile iandike Likasi kwenye orodha yake, na iandike kwa majivuno yaleyale inayotangazia nyota za mlangoni.

Haya, na barabara zetu je? Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120 za lami. Spectre imepimwa kwenda kilomita 530 kwa chaji moja, basi unakwenda harusini Lubumbashi, unacheza hadi usiku wa manane na kurudi nyumbani, na betri bado ina akiba kubwa hata ukikimbia. Kolwezi pia, kwenda na kurudi, inaingia. Kuchaji ndiko kunakotaka mipango. Kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani yenye kilowati 2.3, betri tupu itachukua zaidi ya saa 44 kujaa, na sisi tunajua umeme ukikatika unavyokaa. Mnunuzi aingize umeme wa fezi tatu, aweke chaja ya kilowati 22 inayojaza betri ndani ya saa tano na nusu, na juu ya paa atandaze sola. Mwenye uwezo wa kununua gari hili hawezi kushindwa na sola.

Rimu ni za inchi 23, na kuta za tairi ni fupi. Springi ni za upepo, na kuna kamera inayoisoma barabara iliyo mbele ili gari lijiandae, lakini kamera haizibi shimo. Penye lami twende. Kwenye njia za udongo za mitaani, hasa mvua za Januari, gari libaki nyumbani.

Mwenye wasiwasi na haya yote anayo njia ya pili, nami siidharau hata kidogo: Bentley Continental GT Speed ya 2024. Ina V8 ya lita nne ikisaidiana na mota ya umeme, farasi 782 kwa pamoja, kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.2. Inaweza kwenda kilomita 81 kwa umeme peke yake, kwa hiyo inaingia ukumbini kimya na kurudi nyumbani kwa petroli ya kituo chochote. Na ina jambo moja tamu kupita kiasi: ukizima gari, skrini ya dashibodi inajigeuza na kukuachia ubao mtupu wa mti, bila kioo wala namba. Kwa jioni ya heshima, hilo ni adabu ya hali ya juu. Milango yake tu ndiyo ya kawaida.

Kwa hiyo anayeagiza Spectre aiagize usukani ukiwa kushoto, kama zinavyouzwa Dubai, maana kwetu tunapita kulia. Itashuka bandari ya Dar es Salaam, ivuke Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, ikipishana na malori yanayoteremsha shaba yetu baharini. Alipe ipakiwe kwenye lori lililofunikwa. Rangi, mimi ningechukua kijani cha malakiti, lile jiwe la shaba linalochongwa kwetu kuwa vijisanduku na shanga, na paa jeusi. Ngozi ya ndani iwe ya maziwa. Mwaka 2025 walitoa pia Black Badge Spectre, farasi 659, Rolls-Royce yenye nguvu kuliko zote zilizotangulia, na vijana wataikimbilia hiyo. Wasiikimbilie kwa kazi hii. Black Badge huifunika kromu yake kwa weusi, na usiku, mbele ya ukumbi, taa zote zikiwa zimewashwa, nataka ile grili na yule mwanamke wa juu yake wang'ae hadi wa mwisho kwenye foleni aone.