Reale ya 1780: Sarafu istaafu, neno libaki

Juzi mwanafunzi wangu kutoka Lamu aliingia afisini na sarafu ya fedha aliyoifunga kwenye pindo la leso. Alirithi kwa nyanyake. Upande mmoja una sura ya mama mnene aliyejifunika shela ya ujane, wa pili una tai mwenye vichwa viwili, na mwaka ulioandikwa ni 1780. Ilikuwa inang'aa kama ya jana.

"Prof, hii ni feki ama?"

Nilimwambia, "Si feki, mwanangu. Lakini pia si ya 1780." Alinitazama kwa mashaka, nami nikaona jibu lile lastahili kufafanuliwa hapa.

Mama huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki Novemba 29, 1780. Alipokufa, sarafu yake haikufa. Iliendelea kutengenezwa kwa sura ile ile na mwaka ule ule, na kiwanda cha Vienna bado kinaitengeneza. Austria kwenyewe iliacha kuwa pesa halali mwaka 1858. Pesa ya kawaida ikageuka kuwa kumbukumbu ya marehemu, matanga yasiyoanuliwa kwa karibu miaka 250. Je, haijafika wakati wa kuyaanua?

Wanaotaka istaafu wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba sarafu hii inasema uongo, maana imetengenezwa leo ikadai ni ya 1780. Ya pili ni nzito zaidi. Hii ndiyo reale ya wazee wetu wa pwani. Katika karne ya 19 bei za Unguja zilihesabiwa kwayo, na bei hizo zilikuwa za karafuu, za pembe za ndovu na za binadamu. Ukiizungusha sarafu hii utaona maneno ya Kilatini ukingoni, na maana yake ni "kwa haki na huruma". Hebu fikiria: mtu anauzwa sokoni, na fedha inayomnunua imezungukwa na haki na huruma!

Wanaoitetea nao hujibu kwa neno moja tu, desturi. Kilichodumu kwa karne mbili na ushei, ati, kisiguswe.

Mimi ni mtu wa fasihi, si wa benki, kwa hiyo naisoma sarafu kama ninavyosoma matini nyingine yoyote. Nikifanya hivyo, naona pande zote mbili zimemsahau mhusika mkuu, yaani msomaji.

Kwa nini mwaka haukubadilishwa? Si kwa ujanja wa Vienna. Wafanyabiashara wa Yemen, Uhabeshi na pwani yetu ndio walioshikilia. Wengi wao hawakujua Kilatini, wala habari za Austria haziwahusu. Walichojua ni uzito wa gramu 28 na fedha safi sehemu 833 kwa kila 1,000. Inasimuliwa kwamba walihesabu hata lulu za kishikizo begani mwa yule mama. Mwaka 1918 Waitaliano waliitolea koloni lao la Eritrea sarafu iliyofanana nayo, yenye sura ya mwanamke mwingine. Watu wakaikataa. Mwaka 1935 serikali ya Italia ililazimika kuchukua vyuma vya kugongea sarafu kutoka Austria ili itengeneze ile ile ya 1780. Msomaji alikuwa amemshinda mwandishi.

Ndiyo maana siuiti uongo mwaka huo. Ulikuwa ahadi, kwamba fedha iliyomo leo ni ile ile ya jana. Wazee wetu walikuwa wasomaji hodari wa sarafu. Reale ya Uhispania ilikuwa na picha ya nguzo mbili. Wao hawakuona nguzo, waliona mizinga, basi wakaiita reale ya mzinga. Mfalme alichora fahari yake, mswahili akasoma silaha. Nani alisoma vibaya hapo?

Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niseme sarafu ya Maria Theresa sasa istaafu. Msomaji aliyeidai ahadi ile hayupo tena. Hakuna soko la Harar wala la Unguja linaloipima leo. Wanunuzi wake wengi ni wakusanyaji wa sarafu na watalii. Ahadi isiyo na wa kuidai imebaki kuwa pambo. Pendekezo langu ni hili: mwaka 2030, itakapotimia miaka 250 tangu kifo chake, Vienna itengeneze ya mwisho na kuiandika mwaka wake wa kweli, 2030. Kisha izimwe.

Ila isizimwe kwa sababu ya aibu. Sarafu iliyomnunua mtu ni shahidi, na shahidi hafukuzwi mahakamani kwa kuwa ushahidi wake unauma. Zilizopo zikae katika makavazi na makasha ya nyanya zetu, ukingo wake ukisomeka.

Sisi Wakenya tunalijua jambo hili. Katiba ya 2010, Kifungu 231, ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu, na Desemba 2018 tukapata sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu. Nakubaliana na uamuzi huo. Hata hivyo, sarafu za zamani zenye sura za marais hazikufutwa siku hiyo. Ziliachwa zizeeke mikononi mwa watu, na huko ndiko kustaafu kwa heshima.

Hofu yangu ni kwa maneno. Pesa lilikuwa jina la kisarafu kidogo cha shaba kutoka India, na leo ndilo jina la mali yote, hadi kwenye simu zetu. Hela, iliyotokana na sarafu ya Wajerumani, inatamba Tanzania. Reale, iliyokuwa kubwa kuliko zote, haijulikani darasani mwangu. Sumni nayo inafuata. Jambo la kuchekesha ni kwamba vijana hao hao hutaja dola kutwa kucha. Jina hilo la pesa za Marekani limetokana na thaler, jina la Kijerumani la sarafu za aina hii. Reale imerudi mlango wa nyuma na hatukuitambua.

Kwa hiyo nawaomba watunga kamusi wasilifute neno reale kwa kisingizio kwamba halitumiki. Waliandikie "la kale" na kulieleza vizuri. Sarafu ikistaafu, tunapoteza chuma. Neno likifutwa, mjukuu hatakuwa na njia ya kuuliza nyanyake aliuziwa nini, au nani aliuzwa.

Mwanafunzi wangu aliifunga tena leso yake. Mlangoni akageuka: "Kwa hivyo Prof, niite nini?"

"Iite reale," nikamwambia. "Nyanyako aliijua kwa jina hilo."