Mashine Haikubali Jibu la Kukariri

Msimu wa mavuno ukifika Ubaruku, mji mzima huitikia mashine za kukoboa. Magunia hushushwa kutoka kwenye matrela ya pawatila, mpunga unaingia upande huu, mchele unatoka upande ule, na pumba zinarundikana nyuma ya jengo. Wanafunzi wa sekondari hupita hapo wakienda shule, na kwenye mabegi yao mna daftari la fizikia: msuguano, nyenzo, mwendo wa mzunguko, umeme. Yaliyoandikwa daftarini ndiyo yanayonguruma kando ya njia. Hata hivyo, wengi wao humaliza kidato cha nne bila mtu yeyote kuwaonyesha kwamba ni kitu kimoja. Insha hii ni ya kumsifu mwalimu anayewaonyesha, kwa kuwa anachokifanya ni ufundi kamili, wenye ugumu na uzuri wake.

Tuanze na mashine yenyewe. Katika mashine nyingi za kukoboa mna rola mbili za mpira zinazozunguka kwa kuelekeana, moja ikienda kasi kuliko nyingine. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayoivua punje ganda lake. Nafasi kati ya rola ikibana mno, mchele hukatika ukawa chenga, na bei ya mkulima hushuka. Ikiachia mno, mpunga hutoka kama ulivyoingia. Fundi anayekaza na kulegeza anaijua nafasi hiyo kwa sikio na kwa kiganja alichokinga chini ya mdomo wa mashine. Mwalimu hodari haji kumsahihisha fundi huyo. Anakuja na wanafunzi wake kumuuliza anasikia nini, kisha anawasaidia kutafuta sababu ya kile ambacho sikio limekwisha kukijua.

Somo la puli linaweza kuanza hapo hapo. Mota inazunguka mara 1,450 kwa dakika, puli yake ina kipenyo cha sentimita 15, na puli ya mashine ina sentimita 30. Umeme unazimwa kwenye swichi kuu, mwanafunzi anachora alama ya chaki kwenye kila puli, kisha anaizungusha ya mota kwa mkono. Mizunguko miwili huku, mmoja kule. Sasa anaweza kukuambia kwamba mashine itazunguka mara 725 kwa dakika, na hatakuwa amekariri. Muulize mkanda ukilegea itakuwaje. Atafikiri, atautazama mkanda, ataubonyeza kwa kidole gumba, na jibu litakuja na maelezo yake.

Hapo ndipo ninapouona utukufu wa elimu ya vitendo. Karatasi ya mtihani inaweza kukubali jibu lililokaririwa usiku wa manane, lakini mashine haikubali. Waya uliofungwa vibaya hauwashi taa, hata aliyeufunga akiwa wa kwanza darasani. Ukifungwa vizuri na mtoto anayeshika mkia, taa inawaka. Chuma hakina upendeleo wala hakimkebehi mtu, na kijana anayekosea mbele yake hukosea mbele ya kitu kinachomruhusu kujaribu tena. Wako wanafunzi ambao darasani, kwa kusomeshwa kwa Kiingereza, hunyamaza kuanzia Januari hadi Novemba. Wape pampu iliyogoma kuvuta maji, uone watakavyobishana.

Na hapa bonde la Usangu, ulipo mji wetu wa Ubaruku, mambo ya kubishania hayapungui, kwa kuwa maji ndiyo maisha yetu na ndiyo ugomvi wetu. Mto Mbarali unanywesha majaruba ya wakulima wadogo na lile shamba kubwa la Mbarali lililojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Kisha maji huingia Ruaha Mkuu, yakapita Hifadhi ya Ruaha na kuelekea mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu 1993, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi nyakati za kiangazi, na kila anayetumia maji huku juu amenyooshewa kidole. Katika ubishi wa namna hiyo, kijana anayeweza kuyapima maji ana kitu cha kuongeza. Vifaa ni kamba, rula, saa na kigunzi cha mahindi. Chagua sehemu ya mfereji iliyonyooka, pima mita kumi, tupa kigunzi katikati ya mkondo. Kikitumia sekunde 20, kasi ni nusu mita kwa sekunde. Mfereji ukiwa na upana wa mita moja na kina cha sentimita 40, ni lita 200 kwa sekunde. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, yanayokwaruzana na udongo, kwa hiyo unazidisha kwa 0.85 hivi, unapata lita 170. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara moja amejifunza hesabu, msuguano na uraia kwa mkupuo mmoja.

Nyanda hizi za juu kusini si ngeni katika elimu ya ufundi. Ifunda, mkoani Iringa, palikuwa kambi ya wakimbizi wa Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha pakawa shule ya ufundi, na hadi leo ni sekondari ya ufundi. Mbeya kuna sekondari ya ufundi ya Iyunga. Chuo cha ufundi kilichoanza Mbeya mwaka 1986 sasa ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Machi 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zifundishe na kuzalisha. Katika shule nyingi wazo hilo lilipungua likabaki jembe na fagio, tena mara nyingine kama adhabu, na mikono ikatengwa na akili. Januari 2024 mtaala mpya ulianza na mkondo wa amali katika kidato cha kwanza. Mlango umefunguliwa tena, nasi tusiuingie kwa kukariri.

Maana vifaa pekee havifundishi. Karakana inaweza kujaa jiliwa, tupa na spana mpya, na somo likabaki la ubaoni. Ufundi wa mwalimu huonekana pale mwanafunzi anapohangaika na nati, naye mwalimu, ambaye angeifungua kwa dakika moja, anafunga mikono nyuma na kungoja. Anajua swali gani la kuuliza na lini. Anajua pia lini asingoje: shati lisilochomekwa karibu na mkanda, mkono unaokwenda kwenye waya kabla swichi haijazimwa. Subira na ukali huo haviko kwenye kitabu cha kiada, vinapatikana kwa kazi ya miaka.

Mwalimu wa namna hiyo humheshimu fundi wa gereji aliyejifunza kwa kushika taa ya mwenzake, na humleta shuleni akiwa mwalimu mwenza. Humpa msichana spana ya kwanza, kwa sababu shule za ufundi kwa sehemu kubwa zilikuwa za wavulana, na mashine za Ubaruku zinakoboa mpunga ambao wanawake wameupanda wakiwa wameinama kutwa nzima. Wana haki ya kuijua mashine hiyo kwa undani.

Basi tumpe mwalimu huyu anachostahili: vipindi viwili vinavyofuatana badala ya dakika 40 zinazokatizwa na kengele, fungu la kununulia waya na beringi, na alama za mtihani zinazotolewa mtahiniwa akiwa mbele ya kifaa. Tukifanya hivyo, kijana wa Ubaruku atakayefaulu fizikia ataweza pia kuitengeneza mashine ya mama yake, na atakayeitengeneza ataweza kutueleza kwa nini iliharibika. Nchi inayotaka viwanda inahitaji mtu mwenye uwezo huo wa pande zote mbili, na mtu huyo huanza kutengenezwa akiwa kidato cha kwanza.