Mzee wa Daraja

Kwenye kibanda umiza nilichoangalilia Game of Thrones hapa Nansio, mtafsiri hakuwahi kumwita Walder Frey kwa jina lake. Alimwita Mzee wa Daraja. Sauti ya Kiingereza ilikuwa imeshushwa chini, yake iko juu, na kila yule mzee alipotokea na wake zake na mabinti wasiohesabika tuliambiwa: "Huyu ndiye Mzee wa Daraja. Bila yeye huvuki." Benchi zima linaguna. Hakuna aliyehitaji maelezo. Mtu wa kisiwani anajua maana ya kuwa na mzigo, una mgonjwa, una haraka zako zote, halafu mbele kuna maji na kuna mtu mmoja anayeamua nani avuke na lini.

Lawama kwa namna tamthilia hii ilivyoisha zimeshaandikwa nyingi, na nyingi zinazungumzia mwisho wenyewe: nani alipaswa kukaa kwenye Kiti cha Chuma, nani hakupaswa kufa. Mimi nadhani kosa lilianza kabla ya hapo, na nililielewa vizuri zaidi nilipokaa na vitabu. Kosa ni safari. Waliondoa safari. (Nitataja mwisho wake, kwa hiyo kama hujaangalia mpaka leo, basi tena.)

Kwa ufupi, kwa asiyeifuata: George R. R. Martin alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1996, cha tano kikatoka 2011. Mwaka huohuo wa 2011, mwezi Aprili, HBO wakaanza kuonyesha tamthilia, ikaisha Mei 2019 baada ya misimu 8 na sehemu 73. Falme saba, majoka, maiti wanaotembea, na koo kubwa zinazogombea kiti kimoja.

Ila ukiweka majoka pembeni, vitabu vile ni vitabu vya barabara. Robb Stark ana jeshi, ana hasira ya baba yake aliyefungwa, na kuna mto. Daraja ni la Walder Frey, mzee wa miaka 90 hivi ambaye wakubwa wenzake wanamdharau. Catelyn, mama yake Robb, anakwenda kujadiliana naye na anarudi na bei: Robb ataoa binti wa Frey. Jeshi linavuka. Baadaye Robb anaoa mwingine, na mzee anadai deni lake kwa damu, kwenye harusi. Yaani ule usiku uliofanya watu dunia nzima wapige kelele mbele ya runinga mwaka 2013 ni nauli ya kivuko ambayo haikulipwa. Angekuwa na njia nyingine ya kuvuka, hakuna hadithi.

Na vita yenyewe ilianzaje? Catelyn anarudi kwao, Tyrion Lannister naye yuko njiani, wote wanaingia nyumba moja ya wageni kwenye njia panda. Anamkamata palepale mbele ya watu. Watu wawili walichoka safari siku moja, wakatafuta chakula mahali pamoja, nchi ikawaka. Mbwa mwitu wa Sansa anauawa kwa sababu msafara wa mfalme umepiga kambi mtoni na watoto hawana la kufanya. Njia ndiyo inayowakutanisha wasiotakiwa kukutana. Misimu ya kwanza ya tamthilia ililielewa hili vizuri, na nawasifu kwa hilo. Arya na yule Mbwa, Sandor Clegane, wanatembea wee, hawafiki popote, na ni katika sehemu tamu kuliko vita vyote walivyotumia mamilioni.

Sasa kuna badiliko moja ambalo wengi hulipita haraka. Katika kitabu, Robb amejeruhiwa, amepata habari kwamba wadogo zake wameuawa, na usiku ule anafarijiwa na binti aliyekuwa akimuuguza, Jeyne Westerling. Asubuhi anamuoa ili asimwachie aibu. Anavunja ahadi moja ya heshima ili kulinda heshima nyingine. Kwenye tamthilia anampenda Talisa, mganga mrembo wa kigeni, na anamuoa kwa sababu anampenda. Ni mapenzi tu. Talisa akapelekwa harusini akiwa mjamzito ili kisu kiingie pale panapouma zaidi. Jeyne wa kitabuni hata harusini hakwenda. Kilio cha tamthilia ni kikubwa zaidi, sikatai, mimi mwenyewe nilishika kichwa. Lakini cha kitabu kinakaa muda mrefu, maana Robb hakufanya upuuzi wa kijana. Alikuwa na madeni mawili na uwezo wa kulipa moja.

Mtafsiri wetu, bila kusoma kitabu (nina hakika hakukisoma), alilirudisha deni mahali pake. Robb anambusu Talisa, muziki laini, na yeye juu ya muziki anasema: "Kijana anakula raha, amesahau daraja. Daraja halijamsahau." Hayo maneno hayamo kwenye Kiingereza. Na mkate na chumvi zilipopitishwa pale harusini, akatulia, akasema taratibu: "Wameshakula kwake." Basi. Kisu kilipotoka, mzee mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni alisimama akatoka nje. Alisema kitu kimoja tu: mtu ameshakula kwako!

Watafsiri hawa wana historia yao, kuanzia Lufufu kule Dar es Salaam mpaka DJ Afro wa Kenya na wale wa Kampala, na wasomi wa fasihi wangefanya vizuri kuwachukua kwa uzito. Wanasema uongo, ndiyo. Wanakosea majina, wanaweka utani wa bodaboda ndani ya ngome ya mfalme. Ila kitabu cha Martin kimejengwa kwa mawazo ya watu: kila sura ina jina la mtu mmoja, na humo unaona kwa macho yake tu, unasikia anachokificha. Harusi ile tunaipata yote kupitia kwa Catelyn. Kamera haiwezi kuingia kichwani mwa mtu, inabaki na uso. Mtafsiri wa kibandani anaingia. Anakuambia huyu ana hofu, huyu anahesabu, huyu anaomba Mungu usiku uishe.

Msimu wa saba ndipo nilipoanza kumwonea huruma. Sehemu zilipungua, saba mwaka 2017, sita mwaka 2019, wakati kabla ya hapo kila msimu ulikuwa na kumi. Na watu wakaanza kufika. Wanafika tu! Jon na wenzake wako ng'ambo ya Ukuta, wamezingirwa na wafu katikati ya ziwa lililoganda. (Kibandani kulitokea ubishi hapa. Jamaa mmoja mvuvi alikataa katakata kwamba ziwa linaweza kuganda watu wakasimama juu yake, na ilibidi wengine wamwombe anyamaze.) Gendry anakimbia kurudi Ukutani, kunguru anatumwa kusini mpaka kisiwa cha Dragonstone, Daenerys anapanda joka, anaruka kaskazini, anawakuta bado wamesimama palepale. Ramani ambayo katika msimu wa kwanza ilichukua sehemu kadhaa kuivuka imekuwa uwanja wa mpira.

Mtafsiri akafanya nini? Akaidanganyia. "Hapo wamekaa juu ya jiwe siku nyingi, wamekula mpaka ngozi za viatu." Picha haionyeshi ngozi ya kiatu hata moja. Tulicheka, lakini nadhani alichofanya ni uhakiki. Alisikia kwamba hapo kuna shimo akalijaza kwa mikono yake. Mtu anayekaa Nansio anajua meli ya kutoka Mwanza inachukua saa tatu na zaidi ikiwa ziwa limetulia, na ukizunguka kwa Bunda bado utasubiri kivuko cha Kisorya. Huwezi kumwambia mtu huyo kwamba habari imeondoka, imefika, na msaada umerudi kabla chai haijapoa.

Halafu Daenerys. Watu wanasema tamthilia ilimharibu kwa kumfanya achome mji wa King's Landing baada ya kengele za kusalimu amri kulia. Mimi sina ugomvi na moto ule. Dalili zilikuwepo zamani. Pale Meereen aliwasulubu mabwana 163 na sisi tukashangilia, kibanda kizima, kwa sababu walikuwa wabaya. Mwanamke huyu angeweza kufika kwenye ule moto. Ila hakufika, alipelekwa. Jorah anakufa katika sehemu ya tatu ya msimu wa mwisho, katika ya nne anapoteza joka na Missandei anakatwa kichwa, ya tano anachoma mji. Huzuni tatu zimerundikwa kwenye gari moja. Mtafsiri pale aliishiwa maneno. Alisema "amechanganyikiwa," akarudia mara nne au tano, na mimi nikajua kwamba hata yeye hana njia ya kutupeleka kule.

Katika vitabu, Daenerys bado yuko mashariki. Kitabu cha tano kinamwacha nyikani na joka lake, mchafu, mgonjwa, amezungukwa na wapanda farasi. Tamthilia ilimpandisha meli mwishoni mwa msimu wa sita, 2016. Mwandishi hajamvusha bahari.

Na hapa lazima niwe mkweli, maana watetezi wa vitabu huwa tunaruka kipengele hiki. Kitabu cha sita hakijatoka. Tangu 2011! Waliotengeneza tamthilia walimfuata Martin mpaka mahali ambapo barabara yake inaishia, wakabaki na maelezo ya mdomo ya wapi mji ulipo. Wao walifika vibaya. Yeye hajafika kabisa. Sijui kipi ni kibaya zaidi kwa msomaji anayezeeka. Aliyesoma cha kwanza akiwa sekondari sasa ana watoto sekondari.

Haya yote yasingenikaa kichwani kama si kijana mmoja wa hapa mjini, anayepiga video za harusi, ambaye mwezi uliopita aliniletea Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Anataka kukifanya tamthilia, sehemu kumi za dakika ishirini. Ruhusa ya wenye haki nimemwambia aitafute kwanza. Lakini alichotaka kwangu ni kingine: "Kaka, nisaidie kukata."

Kitereza alikimaliza kitabu hicho kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe, kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Si fantasia, hakuna joka. Kwa upande huo Ukerewe ina Nagona na Mzingile za Kezilahabi, na kijana yeyote atakayejaribu kuzipigia picha hizo nitamwombea. Myombekere ni mume ambaye mkewe amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu hawajapata mtoto. Anakwenda ukweni kumwomba. Wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Ndizi zivundikwe, zikamuliwe, pombe ikomae, ibebwe. Kurasa na kurasa za salamu, chakula, kutembea, na kungoja.

Kijana alikuwa ameshaweka alama kwa penseli. Alikata safari ya kwenda ukweni, akakata pombe, akabakiza ugomvi, kilio na mtoto kuzaliwa. Nikamuuliza Myombekere amelipa nini sasa. Akasema watu wataelewa.

Nilimsimulia Mzee wa Daraja. Alikuwa ameiangalia yote, tena anaikumbuka kuliko mimi. Alinyamaza kidogo, akachukua kifutio, akarudisha pombe. Safari bado tunabishana. Anataka dakika moja, na muziki. Nimemwambia nane. Anasema nane mtu anatembea tu, kaka, nani ataangalia? Jumamosi tunakwenda kuipima njia yenyewe kwa miguu, na kamera.