Binti wa Theluji na Ngoma ya Digubi: Sanaa ni Mali ya Nani?

Suala la utamaduni hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la asili tu: hiki chetu, kile cha kigeni. Kipimo hicho hakitoshi. Mjamaa huuliza maswali mawili: kazi hii ya sanaa inaeleza maisha ya nani, na nani mwenye kauli juu yake? Tuipime hivyo baleti ya Kirusi ya Binti wa Theluji, tuone inamfundisha nini kada wa Kilosa na Mikumi.

Chimbuko lake ni ngano ya wakulima. Mzee na mkewe wasio na mtoto wanafinyanga msichana wa theluji, naye anapata uhai. Majira ya joto yanapofika anaruka moto pamoja na wenzake, anayeyuka. Mwaka 1873 Ostrovsky aliigeuza kuwa tamthilia, na Tchaikovsky akaitungia muziki. Mwaka 1961 Vladimir Bourmeister wa Moscow alitumia muziki wa Tchaikovsky kutunga baleti kwa ajili ya kundi la London Festival Ballet.

Katika tamthilia, jua limewakasirikia watu kwa miaka 15. Binti anapopenda, anayeyuka, na mchumba wake anajitosa ziwani. Mfalme Berendey anawaambia watu wasihuzunike. Nao wanaliimbia jua. Mkulima wa Kilosa, hata kama hajaona theluji, anaielewa hofu hiyo: anajua kungoja mvua, na anajua Mto Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010. Kwa maudhui, basi, ngano hii si ngeni. Kasoro yake ni nyingine: mfalme ndiye anayetoa kauli, watu wanaitikia.

Umbo nalo lina kasoro hiyo hiyo. Baleti ililelewa katika kasri za wafalme wa Ulaya. Mapinduzi ya 1917 yaliwafungulia wafanyakazi milango ya majumba ya maonyesho, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini mkulima mwenye ngano alibaki kitini, akimtazama mtaalamu aliyefunzwa tangu utotoni. Kubadili watazamaji si sawa na kuwarudishia watu sanaa yao.

Sasa tujitazame wenyewe. Digubi ya Wakaguru ni ngoma ya unyago wa wasichana. Penina Muhando, mzaliwa wa Berega, aliichambua mwaka 1981 kama sanaa kamili ya maonyesho. Ndani yake nyimbo, uchezaji na uigizaji ni mafunzo, na wanawake wenyewe ndio wenye kuyasimamia. Tukiikata iwe dakika kumi za kumpokea kiongozi, au za kuwaburudisha watalii wa Mikumi, linabaki tingisho la kiuno tu. Mafunzo yamekwisha kuyeyuka.

Tangu Mwalimu alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, hadi Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, mengi yalifanyika. Lakini wachezaji wanaosubiri juani msafara wa mgeni, bila kuulizwa wacheze nini, hawana tofauti na raia wa Berendey.

Jukumu la kada ni kuanza na swali kabla ya ratiba: wenye ngoma wanataka kusema nini? Wakiwa na malalamiko juu ya ardhi au maji, ngoma iyaseme, na kiongozi akae asikilize mpaka mwisho.