Udongo Usio Mahali Pake

Anayesubiri kumwona mchwa mwenyewe ndipo aamini kuwa ameingia nyumbani huchelewa. Mwili wake laini hukauka upesi hewani, kwa hiyo hupita chini ya ardhi, na pale ardhi inapokwisha huiendeleza: hujenga kijia chembamba cha udongo uliogandishwa kwa mate, kisha hupita ndani yake. Ndiyo maana kila mshauri huanza kwa kusema, tafuteni vijia ukutani. Ushauri huo unamfaa mwenye ukuta uliopakwa chokaa. Puge, kwenye barabara ya Tabora kwenda Nzega, ukuta wa udongo, au wa tofali zilizoshikanishwa kwa udongo, humficha mchwa. Pa kukagua kwanza, basi, ni pale udongo unapogusana na mti: miimo ya milango, fremu za madirisha, vichwa vya boriti juu ya ukuta.

Tembe, nyumba ya zamani ya eneo hili, linathibitisha hoja hii. Nyumba hizo, ambazo msafiri Mwingereza Burton alizikuta Kazeh, ilipo Tabora ya leo, mwaka 1857, na ambamo mmisionari Livingstone alikaa Kwihara, jirani na hapo, mwaka 1872, zilikuwa na kuta nene za udongo na paa bapa la miti iliyofunikwa udongo vilevile. Kiufundi, mchwa alipewa njia isiyokatika kutoka msingi hadi paa, asiweze kuonekana popote. Dalili zake zilikuwa za kimuundo: paa kubonyea, udongo kudondoka mahali pamoja kila mara. Bati limeondoa uzito ule wa hatari, lakini kenchi bado zimekaa juu ya ukuta, na njia ni ileile.

Mwenye tofali za kuchoma atasema yeye hayumo. Ni kweli mchwa hali tofali, ila hana haja ya kuila. Udongo uliojazwa kati ya tofali na tofali humtosha, na sakafu ya saruji ikipasuka pale inapokutana na ukuta amepata mlango. Mwingine atajitetea kwa mninga, fahari ya misitu ya Tabora. Hoja yake ina uzito, kwa kuwa kiini cha mninga humshinda mchwa kwa muda mrefu. Lakini ile sehemu nyeupe ya nje huliwa, na fundi asiyeiondoa yote humwachia chakula. Zaidi ya hapo, mchwa huacha ganda jembamba la nje, au rangi tupu, hivyo fremu huonekana nzima hadi uigonge. Ikilia kama debe tupu, ichome kwa ncha ya bisibisi. Ukikuta mashimo yaliyopakwa udongo ndani, shaka imekwisha. Kwa kijia, vunja kipande kidogo tu, urudi baada ya siku moja au mbili: kikiwa kimezibwa, wamo. Kisipozibwa, usishangilie, huenda wamehamia upande mwingine.

Kuna dalili zinazosifiwa kupita thamani yake. Mbawa za kumbikumbi chini ya taa, mvua za Novemba zinapoanza, zinasema tu kwamba kuna kichuguu mahali fulani. Taa huwaita kutoka mbali. Kumbikumbi wakitoka kwenye ufa wa sakafu yako, hiyo ni habari nyingine. Vumbi laini kama unga nalo huwachanganya wengi. Mchwa wa vichuguu haachi unga, huacha udongo. Katika mkoa huu wa Tabora, ambako dumuzi, mdudu mtoboa mahindi, aligunduliwa mara ya kwanza Afrika, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akabandikwa jina la Scania, unga chini ya ghala la mahindi unapaswa kumfanya mtu amshuku dumuzi kwanza. Yeye hutoboa hata miti ya ghala lenyewe. Kumwaga dawa ya mchwa hapo ni kupoteza fedha.

Ikithibitika ni mchwa, fuata kijia kushuka hadi kinapoingia ardhini, ndipo ufikirie dawa au ukarabati. Kung'oa mwimo ulioliwa na kuweka mpya, huku ufa wa chini ukibaki wazi, ni kuwaandalia mlo wa pili.