Fyuzi ya swichi ya mguu inapoungua: shoti hutafutwa wapi

Baadhi ya amplifaya za gita zenye chaneli mbili zina fyuzi ambayo mwenye mashine huenda hajawahi kuiona. Fyuzi kuu, ile ya nyuma panapoingia waya wa umeme, hulinda mashine nzima. Nyingine imo ndani, kwenye bao la saketi, na kazi yake ni kulinda umeme mdogo, mara nyingi wa volti 12 hivi, unaoendesha rilei na kuwasha taa za swichi ya mguu. Ikiungua, sauti hutoka kama kawaida, ila gita limekwama kwenye chaneli moja, mwangwi hauitiki na taa za swichi zimezimika. Lawama huangukia swichi, hununuliwa mpya, na hali hubaki ile ile.

Chukua mfano wa Budondo, eneo la Jinja nchini Uganda kwenye ukingo wa mashariki wa Nile: ni jirani wa bwawa la Bujagali la megawati 250 lililozinduliwa 2012. Ujirani huo haumpi mpiga gita umeme tulivu. Umeme huondoka bwawani ukiwa wa msongo mkubwa, hupita vituo vya kupoza, ndipo hurudi vijijini kwa laini ndefu za kilovolti 33 au 11. Ukikatika na kurudi ghafla, volti huweza kuruka kabla ya kutulia. Lakini hatari kubwa zaidi ni amplifaya iliyotumika Marekani, iliyoundwa kwa volti 120, inapochomekwa kwenye 240 za Uganda. Adapta ya bei nafuu hubadilisha umbo la pini, haigusi volti. Zile 12 za ndani huelekea 24 kwa kufumba na kufumbua, fyuzi kuu hukatika, lakini kapasita ya volti 16 huenda imeshaumia. Baadaye mashine huwekewa fyuzi kuu mpya na transfoma ya kushusha volti, na hapo fyuzi ya ndani ndiyo inayoanza kusumbua.

Fyuzi iliyoungua husomwa kabla ya kutupwa. Kioo kilichogeuka cheusi au kupakwa rangi ya fedha kwa ndani huonyesha shoti kali. Uzi uliokatika na kioo kubaki safi huashiria mzigo uliozidi kidogo, au uchakavu tu. Maandishi ya kwenye kofia yake nayo yana maana: T500mA ni fyuzi ya polepole ya miliampea 500, nayo huvumilia mkupuo wa kapasita zinapojaa, ilhali yenye herufi F ya kiwango hicho hicho inaweza kukatika bila kosa lolote. Kuongeza kiwango, au kuizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni kugeuza kazi ya kubadilisha dayodi moja kuwa ununuzi wa transfoma.

Mshukiwa wa kwanza kwa wengi ni waya wa swichi, kwa kuwa ndio unaokanyagwa jukwaani. Si kosa kuushuku, ila inategemea muundo. Katika swichi rahisi yenye jeki ya kawaida, kazi yote ya mguu ni kuunganisha waya mmoja na athi, kwa hiyo waya uliopiga shoti hufanya kile kile ambacho mguu ungefanya: chaneli hujichagua na haiachii, fyuzi haijui lolote. Fyuzi huungua kwa sababu ya waya pale tu umeme wenyewe unapopelekwa hadi kwenye swichi ili kuwasha taa zake, aghalabu kwa plagi ya pini tano au saba. Humo pini iliyopinda, au uzi mmoja uliochomoza kwenye lehemu, hutosha.

Wakati fyuzi inapokatika hueleza mengi kuliko mita. Ikikatika mara tu mashine inapowashwa, na swichi imechomolewa, kosa liko ndani: dayodi za kugeuza umeme, kapasita, au rigyuleta. Ikikaa hadi swichi ichomekwe, ni waya au plagi. Ikisubiri mpaka swichi ikanyagwe, ni rilei, na hasa dayodi ndogo iliyofungwa sambamba na koili yake kuzuia mkupuo wa kurudi. Koili nzima ya rilei ya volti 12 kwa kawaida husoma omu mia kadhaa. Ikisoma karibu na sifuri, dayodi hiyo imepiga shoti.

Majaribio haya yangemaliza pakiti nzima ya fyuzi, kama si balbu ya indiketa ya bodaboda. Balbu ya volti 12 na wati 10, ikiunganishwa mahali pa fyuzi, haipitishi zaidi ya ampea moja hivi kwenye saketi ya volti hizo hata shoti ikiwa kamili. Ikiwaka kwa nguvu, shoti bado ipo. Ikimemetuka kisha ikafifia, kapasita imejaa na mambo ni shwari. Balbu ya LED haifai hapa. Na kwa amplifaya ya valvu, plagi ya ukutani huchomolewa kwanza na kapasita kubwa, zinazoweza kuwa na volti 400 au zaidi, hutolewa umeme na kupimwa kabla ya mkono kuingia. Balbu hufungwa, mkono hutoka, ndipo mashine huwashwa.

Dayodi iliyokufa hubadilishwa kwa 1N4007, inayopatikana karibu kila duka la vipuri vya redio, na kapasita kwa yenye volti kubwa kuliko ya awali, plasi na negativu zikizingatiwa. Kisha balbu hutolewa, fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye bao hurudishwa, na swichi hukanyagwa mara nyingi huku waya ukipindwapindwa karibu na plagi, maana hapo ndipo huvunjika bila kuonekana.